Motokaa ya Umeme Iliyokwisha Tumika: Usinunue Jina



Sisi wa Morogoro si wageni tena wa safari za umeme. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme yatuchukua mpaka Dar es Salaam, na mzee aliyezoea ngurumo za dizeli hushangaa kuona mabehewa yanaondoka kimya. Barabarani nako motokaa za umeme zimeanza kufika, na baadhi yake zimekwisha kutumika miaka kadhaa huko Japani kabla ya kutufikia sisi.

Tuseme familia moja ya Mgeta imeuza mboga na matunda misimu mitatu. Ndugu wamechanga, fedha zimetosha kununua motokaa. Dalali wa mjini awaambia: “Hii ni ya kisasa. Yajifunga breki yenyewe, yashika njia yenyewe, dereva kazi yake ni kukaa tu.” Ndugu watazamana, waona bei imestahili.

Maneno hayo ya dalali yana hatari mbili. Ya kwanza ni kulipia kitu kisichokuwamo. Ya pili ni mbaya zaidi: kuziweka roho za watoto wetu mikononi mwa kitu kisichokuwamo.

MISAADA HIYO NI NINI?

Msaada wa kwanza ni breki ya dharura. Nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo kidogo cha ndani, mna jicho la kamera. Motokaa nyingine zina rada pia, iliyofichwa mbele, pengine nyuma ya nembo. Likiona gari au mtu mbele, nawe wamkaribia kwa kasi, motokaa hupiga kelele kwanza, kisha hujifunga breki.

Wa pili ni onyo la kuacha njia. Kamera hutazama mistari iliyopakwa rangi barabarani. Ukiivuka bila kuwasha taa ya kugeukia, motokaa hukuonya, na nyingine huurudisha usukani kidogo.

Wa tatu ni kushika mwendo. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu ziko namna mbili. Namna ya zamani hushika kasi uliyoipanga tu, na lori likisimama mbele yako haijui. Namna mpya hupima nafasi iliyopo kati yako na gari lililo mbele, ikapunguza mwendo yenyewe.

Kamera ya nyuma nayo husifiwa sana, lakini katika motokaa nyingi huonyesha picha tu. Haifungi breki.

JINA MOJA, VITU MBALIMBALI

Chukua mfano wa Nissan Leaf. Toleo la pili lilianza kuuzwa Japani mwezi wa Oktoba 2017 kwa madaraja matatu: S, X na G. Msaada uitwao ProPILOT, ambao hushika nafasi na kusaidia usukani, ulikuwamo katika G. Katika X mnunuzi aliuongeza akitaka. S haikuwa nao. Basi motokaa tatu za mwaka mmoja, rangi moja na jina moja, zaweza kusimama pamoja uwanjani, na moja tu ikawa na kitu alichokisifu dalali. Ukinunua kwa jina na mwaka tu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

NAMNA YA KUKAGUA

Kwanza, omba namba ya chasisi na jina kamili la daraja. Kwa namba hiyo muuzaji wa ng'ambo aweza kutafuta motokaa hiyo ilitengenezwa na vitu gani. Omba jibu kwa maandishi, lisiwe la mdomo.

Pili, kama ilinunuliwa mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Karatasi hiyo ina picha ya motokaa yenye herufi. A ni mchubuko, U ni bonde, W ni mahali palipotengenezwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la R au RA maana yake motokaa ilipata ajali ikatengenezwa. Ukiona sehemu ya mbele imebadilishwa, uliza: Je, kamera na rada zilipimwa upya? Jicho lililopinda kidogo tu hutazama mahali pasipo.

Tatu, tazama kwa macho yako. Je, kamera ipo kweli juu ya kioo cha mbele? Je, kioo ni kile cha kwanza au kimebadilishwa? Kioo kikibadilishwa, kamera yapasa kurekebishwa kwa vyombo maalum, nasi twajua jinsi mawe ya barabara za vumbi yanavyovunja vioo. Kabla ya kununua, mtafute kwanza fundi awezaye kazi hiyo.

Nne, tazama vitufe vya usukani. Ile namna mpya ya kushika mwendo kwa kawaida ina kitufe chenye picha ya motokaa na vistari, cha kupanga nafasi kati yako na aliye mbele. Kisipokuwapo, usikubali haraka.

Tano, washa motokaa utazame dashibodi. Taa za onyo huwaka kidogo kisha huzimika. Taa ikibaki, pana ubovu. Na ile ambayo haiwaki kabisa itilie shaka pia, maana yuko muuzaji anayeificha.

Sita, soma. Maandishi mengi yatakuwa ya Kijapani. Mwite kijana mwenye simu inayotafsiri maandishi kwa kamera, akusomee maneno yote ya dashibodi na ya kitabu cha motokaa. Huenda msaada umo lakini umezimwa, wala hakuna aliyejua.

Mwisho wa ukaguzi, mwombe dereva mzoefu aijaribu kwenye lami iliyonyooka yenye mistari. Lakini breki ya dharura isijaribiwe kwa kumsimamisha mtu mbele ya motokaa, sembuse mtoto! Breki hiyo ikikosea mara moja, hakuna wa kumrudisha aliyegongwa.

BARABARA ZETU

Tuseme sasa motokaa ina kila kitu, na vyote vyafanya kazi. Je, dereva apumzike? Hata kidogo.

Njia nyingi za milimani Uluguru hazina mstari wa rangi hata mmoja. Mahali hapo onyo la kuacha njia ni kipofu. Ukungu, mvua kubwa, tope na vumbi huiziba kamera. Atokaye Morogoro kwenda Dar es Salaam asubuhi hulikabili jua, na arudiye jioni hulikabili tena, na jua la chini huipofusha kamera kama linavyotupofusha sisi. Kibandiko kikibandikwa vibaya huifunika. Hata rozari tuliyozoea kuitundika ndani isiachwe ikining'inia mbele ya jicho hilo.

Tena kamera hizo zilifundishwa kutambua magari na watu. Barabara ya kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na tembo, nyati na pundamilia huivuka bila kuomba ruhusa. Usitegemee kwamba motokaa itamtambua pundamilia gizani, wala mbuzi wa jirani, wala baiskeli isiyo na taa.

Liko na jambo la mteremko. Leaf hiyo ya toleo la pili ina e-Pedal: ukiinua mguu, motokaa hupunguza mwendo na kurudisha umeme betrini. Kwa mteremko wa kutoka Mgeta ni jambo jema. Lakini betri ikiwa imejaa kabisa, haina nafasi ya kupokea umeme huo, na nguvu hiyo ya kupunguza mwendo yaweza kupungua. Basi anayechajia juu mlimani asiijaze mpaka juu kabla ya kushuka, na mguu wake uijue breki. Mambo mengine ya betri yana siku yake.

Wataalamu huzipanga motokaa kwa ngazi, kuanzia 0 mpaka 5. ProPILOT ya Leaf ni ya ngazi ya 2, yaani yasaidia tu: mikono yabaki kwenye usukani, macho yabaki njiani, na mwenye kujibu ajali ikitokea ni dereva. Usimwajiri dereva anayedhani vingine.

Kwa hiyo, ninyi mliochanga fedha zenu kwa jasho, msione haya kuuliza maswali mengi. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Atawafungulia mlango, atawaonyesha karatasi. Anayekasirika kwa sababu mmeomba namba ya chasisi amekwisha kuwajibu. Shikeni fedha zenu, mwende kwa mwingine.