Nyama ya Kangaruu na Bei ya Picha

Wasomaji wangu, sisi watungaji twajua kula makombo ya kazi zetu. Lakini habari ya Clifford Possum Tjapaltjarri, mchoraji mwenyeji wa jangwa la Australia, imenitia uchungu zaidi.

Mwaka 1977 alichora picha kubwa iitwayo Warlugulong. Benki ya Commonwealth ikainunua dola 1,200 za huko, ikaitundika katika mkahawa wa chuo chake cha mafunzo. Watu wakinywa chai chini yake! Mwaka 1996 ikauzwa dola 36,000. Mwaka 2007 Makumbusho ya Sanaa ya Taifa, Canberra, ikainunua mnadani dola milioni 2.4. Mwenyewe keshafariki tangu 2002.

Na picha yasimulia nini? Yamsimulia Lungkata, mzee aliyewasha moto mkubwa kuwaadhibu wanawe wawili waliomuua kangaruu wakamla peke yao, wasimgawie baba yao. Mifupa yao imo humo pichani.

Sisemi mnada ule ulivunja sheria. Sheria ya kumkatia msanii au warithi wake asilimia 5 kazi inapouzwa tena ilianza kutumika huko 2010. Ila mimi naona fungu la warithi lilikuwa haki kabla ya bunge kuliandika.