Uhaba wa Walimu Garissa: Madai Manne Yasiyosimama

Wadini Iftin, mjini Garissa, kama kwingineko Kaskazini Mashariki, ukiuliza kwa nini walimu ni haba utajibiwa: usalama. Jibu hilo lina ukweli, ila humwondolea mwajiri lawama mapema mno.

"Walimu wasio wenyeji hawangeweza kubaki." Sawa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na hakuna mwajiri mwenye haki ya kumshikilia mtu mahali anapowindwa. Lakini Kifungu cha 237 cha Katiba hakikuipa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) mamlaka ya kuhamisha tu. Kiliipa pia jukumu la kuajiri na kuwapanga walimu. Hatari hiyo haikuwa mpya: basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na kundi la Al-Shabaab Novemba 2014. Kufikia mauaji ya Kamuthe, zaidi ya miaka mitano baadaye, mpango wa kujaza nafasi ulipaswa kuwa tayari mezani.

"Marupurupu ya mazingira magumu yanatosha." Hayo hufidia joto, uhaba wa maji na umbali. Hayamkingi mtu na risasi. Abiria 28 wa basi lile, walimu wengi miongoni mwao, waliuawa wakielekea likizoni. Anayetaka mwalimu arudi muhula ujao ampangie kwanza safari salama na makao yenye ulinzi.

"Wenyeji hawana alama za kutosha." Garissa ina chuo cha walimu na chuo kikuu; kinachopungua ni wanafunzi wanaofikia alama za kujiunga. Nao watazipataje hisabati na fizikia bila mwalimu darasani? Dawa si kushusha viwango, bali kuwafadhili vijana wa huku kwa mkataba: wasomeshwe, kisha wafundishe nyumbani kwa miaka iliyokubaliwa.

"Basi waajiriwe wenyeji pekee." Hapana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 huzitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kwa watu wasio wa jamii kubwa ya pale. Sheria hiyo haiifungi TSC, lakini hekima yake inafaa shuleni pia. Isitoshe, mwalimu mwenyeji asiye na wa kumpokea zamu hataruhusiwa kuhama kamwe, na naye ni mfanyakazi mwenye haki.

Al-Shabaab ndio waliowaua walimu. Kuacha madarasa bila mwalimu mwaka baada ya mwaka, hata hivyo, ni uamuzi wa ofisini, na TSC iuwajibikie.