Mwana Aliyefanywa Bwana

Yapo mawazo mawili yaliyoota mizizi miongoni mwetu, nayo yanategemeana. La kwanza ni kwamba picha ya kamera haisemi uongo. Aliyeiona amekwisha kuliona jambo lenyewe. La pili huzaliwa na la kwanza: kwamba tangu kamera ilipokuja, mchoraji amebakiwa na kazi ya kupamba kuta na kuwafurahisha watalii. Hatuna budi kuyapinga yote mawili, kwani taifa linaloyakubali huwaachia wengine kazi ya kulisimulia.

Mfano mzuri ni maonyesho ya mwaka 2001 mjini Venice, Italia. Katika tamasha kubwa la sanaa la mji huo, banda la Ubelgiji lilipewa mchoraji mmoja, Luc Tuymans, aliyezaliwa mwaka 1958 karibu na Antwerp. Maonyesho yake aliyaita kwa Kilingala, Mwana Kitoko, yaani mtoto mzuri. Hilo ndilo jina ambalo Wakongo walimpa Baudouin, mfalme kijana wa Ubelgiji, alipozuru koloni lake mwaka 1955. Wakuu wa kikoloni hawakupendezwa na mfalme kuitwa mtoto. Wakalibadili jina likawa Bwana Kitoko, na filamu ya ziara ile, iliyotengenezwa na André Cauvin, ikaonyeshwa kwa jina hilo jipya. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa. Herufi moja imemwinua mtoto akawa bwana, na mtazamaji wa mbali angeamini kwamba ndivyo wananchi wenyewe walivyotamka.

Tuymans aliirudisha herufi iliyoibwa, kisha akazigeukia picha. Desturi yake ni kuchora kutokana na picha za magazeti, filamu na televisheni, kwa rangi zilizopauka kama nguo iliyoachwa juani. Mfalme yumo, katika sare yake nyeupe na miwani nyeusi, lakini utukufu umemtoka, limebaki vazi. Katika mfululizo huohuo imo ngozi ya chui, yumo Moise Tshombe, yumo Patrice Lumumba, na imo mikono yenye glavu nyeusi iliyoshika vipande viwili vya chaki. Wakati huohuo Bunge la Ubelgiji lilikuwa likichunguza mauaji ya Lumumba, na Novemba 2001 tume yake ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri wa nchi hiyo walibeba lawama ya kimaadili.

Atatokea mtu aseme: kama kamera hudanganya, mchoraji si ndiye mwongo zaidi, maana huchora apendavyo? Hoja hii inastahili jibu. Mchoraji hafichi mkono wake. Atazamaye mchoro anajua kwamba yupo mtu aliyechagua rangi na umbo, hivyo humhoji. Picha ya kamera huuficha mkono ulioipiga. Hutufanya tusahau kwamba mtu fulani alisimama mahali fulani, akaelekeza kioo upande mmoja na kuupa mgongo upande mwingine. Uongo wake mkubwa haumo katika kile inachoonyesha, kwa maana mfalme alishuka kweli katika ndege. Umo katika kile kilichoachwa nje.

Tuitazame historia ya Lumumba mwenyewe. Tarehe 2 Desemba 1960, alipoletwa Léopoldville akiwa mfungwa aliyefungwa mikono, kamera zilikuwapo, na ulimwengu ukaonyeshwa fedheha yake. Tarehe 17 Januari 1961, alipopigwa risasi huko Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, ulimwengu haukuonyeshwa kitu. Maiti iliyeyushwa kwa tindikali. Jino moja, ambalo polisi wa Kibelgiji alilichukua, lilirudishwa kwa familia mwaka 2022. Basi anayesema kwamba bila picha hakuna ushahidi, anawapa wauaji ushindi wa pili.

Pengo hilo lilijazwa na mchoraji, tena mchoraji mwenye kusema Kiswahili. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akichora mjini Lubumbashi, na picha za namna yake zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kutundikwa katika sebule za wafanyakazi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake kwa picha mia moja hivi, akizieleza kwa Kiswahili cha huko mbele ya mtaalamu Johannes Fabian, aliyezichapisha kitabuni mwaka 1996. Alijiita mwanahistoria, na kifo cha Lumumba, ambacho ulimwengu haukuonyeshwa, alikichora.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomsifu Tuymans na kukomea hapo. Shaka yake ni ya haki, lakini ni shaka ya mrithi wa wale walioshika kamera. Anafuta utukufu wa mfalme, wala hawezi kusema kwa niaba ya umati uliopangwa kando ya barabara kumpigia makofi. Kuubomoa uongo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ya kutoa ushahidi, ni ya wenye historia yao, na haifanywi kwa niaba yao.

Kwa hiyo walimu wana wajibu mzito. Leo kijana huona picha nyingi kwa siku moja kuliko alizoziona babu yake kwa mwaka, na zimo zilizoundwa na kompyuta bila mtu wala mahali. Kila picha iliyomo katika kitabu cha historia ihojiwe kama shahidi: nani aliipiga, nani aliigharimia, nani alisimama nje ya ukingo wake? Baada ya maswali hayo, mwanafunzi apewe karatasi na rangi achore kilichoachwa nje. Shule inayofuta kipindi cha uchoraji ikidhani inaokoa muda wa masomo ya maana, inawafundisha vijana kutazama kwa macho ya kuazima. Hiyo ndiyo kasumba, nayo haitaondoka kwa hotuba. Itaondoka siku watoto wetu watakapoweza kusoma jina Bwana Kitoko na kuuliza mara moja ni nani aliyebadili ile herufi.