Gari Yako ni Auto? Usishuke Mlima na D Peke Yake

Wafanyabiashara wenzangu, leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kujibu wateja. Naongelea safari ya kuleta mzigo, maana mzigo usipofika, picha nzuri haikusaidii kitu.

Mimi nauza mboga za Lushoto kwa oda za WhatsApp, wateja wangu wengi wako Tanga mjini. Kila wiki napanda na gari yangu ndogo ya auto, nanunua karoti, hoho na kabichi, nashuka. Kutoka Lushoto hadi Mombo kupitia Soni ni kama kilomita 33, na humo unashuka karibu mita 1,000. Kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde.

Mwanzoni nilikuwa nashuka na D tu, mguu kwenye breki mwanzo mwisho. Siku moja nimejaza mpaka siti ya nyuma, wateja wanauliza "uko wapi?", na mimi naharakisha. Nimeshapita Soni, nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Kona iliyofuata nakanyaga breki, pedeli inazama laini, gari haipungui kama nilivyozoea. Nikakanyaga kwa nguvu zote, nikavuta na handibreki, ikasimama pembeni kwa kujivuta. Moshi unatoka tairi za mbele. Nilikaa ndani natetemeka, hata mlango sikuweza kufungua.

Mzee mmoja dereva wa lori akasimama. Nikamwamkia, akaniuliza, "Mwanangu, umeshuka na gia gani?" Nikamjibu, "Mzee, hii ni auto, inajichagulia yenyewe." Akatikisa kichwa: "Inajichagulia kwa kufuata mguu wako. Mlima haiujui."

Nimeishia kidato cha nne, ila hesabu hii bado naikumbuka. Gari na mzigo tuseme kilo 1,300. Ikishuka mita 1,000, nishati yake ni karibu jouli milioni 13. Joto hilo linatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20! Kiasi kinapotea kwenye upepo na matairi, lakini kinachobaki, ukitegemea breki peke yake, chote kinaishia kwenye breki. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu, na ukikanyaga unabana mapovu tu. Yakiwa ya zamani ni hatari zaidi, kwa sababu yanafyonza unyevu. DOT 3 mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka mpaka 140.

Ukiweka gia ndogo, tairi zinalazimika kuzungusha injini, na injini inagoma. Ule ugomvi ndio breki yako ya bure.

Msimamo wangu ni huu: kama unabeba mzigo milimani na hujawahi kugusa 2 wala L, gari yako bado hujaijua. Zile herufi hazikuwekwa kama pambo.

Mimi nafanya hivi:

1. Napunguza mwendo KABLA mteremko haujaanza, ndipo naingiza 2. Pakiwa pakali sana na mwendo ni mdogo, naweka L. Usiingize L ukiwa kasi.

2. Mteremko wa kawaida, nazima overdrive kwa kile kitufe cha O/D kwenye gia. Gari nyingine hazina 2 na L, zina S na B. B ndiyo ya mteremko mkali.

3. Nikihitaji breki, nakanyaga vizuri mwendo upungue, kisha naachia zipoe. Siziburuzi njia nzima.

4. Nikisikia harufu au pedeli ikilainika, naongeza gia ndogo, naegesha, nasubiri. Simwagi maji kwenye disk ya moto, inaweza kupinda au kupasuka.

Najua mtasema injini inalia sana. Ilie. Mradi mshale haujafika kwenye nyekundu, hiyo ni kazi yake. Na bei ya pedi za breki unaijua.

Wengine wanaweka N eti wanabana mafuta. Hapo unapoteza mara mbili. Gari nyingi za sindano, ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, injini inakata mafuta kabisa. Ukiweka N inabidi iendelee kuyanywa ili isizime, na ile breki ya bure umeitupa.

Kuna kitu kimoja zaidi nilibadilisha, na hiki ni cha biashara. Zamani nilikuwa naandika "mzigo unafika saa nane kamili". Ile saa nane ndiyo iliyokuwa inanikimbiza kwenye kona. Sasa naandika "jioni". Tangu nibadilishe, hakuna mteja aliyenikimbia kwa sababu ya masaa mawili. Karoti inasubiri, hoho inasubiri. Wewe ukienda bondeni, hakuna wa kutuma oda.

Wiki hii, kabla hujafuata mzigo, kaa kwenye gari yako dakika tano usome herufi zote za gia. Halafu mtumie ujumbe huu mwenzako anayepandisha Lushoto, Kitonga au mlima wowote.