Punguza spidi ya prosesa, huku Shela si Ulaya

Wanangu, nitasema na mniite mshamba: karibu mwaka sasa nacheza geimu huku prosesa yangu nimeifunga breki kusudi, na sijawahi kufurahia geimu kama sasa.

Laptopu yangu ni ya mtumba, ndani ina Intel i5-8300H ya mwaka 2018. Spidi yake ya kawaida ni gigahezi 2.3, ila ikiwasha turbo inafika 4.0. Hiyo 4.0 ndiyo iliyonitoa pesa mfukoni. Sasa, mwezi wa tatu, kaskazi imekwisha, kusi haijashika, chumba changu cha juu hakipiti upepo hata wa dawa. Nikawasha GTA V. Dakika kumi za mwanzo raha tupu, fremu 70 kwa sekunde. Halafu feni ikaanza kulia kama injini ya boti, joto nyuzi 98, fremu zikaanguka hadi 20. Zikapanda. Zikaanguka tena. Mama akaniita kutoka chini, "Wewe, hicho kitu kitaripuka?"

Kumbe prosesa ile imewekewa kikomo cha nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguza spidi yenyewe isiungue, ikipoa kidogo inapanda tena, inagonga kikomo tena. Yaani ile 4.0 niliyoilipia naila dakika kumi tu. Na feni haitengenezi baridi, jamani, inasukuma hewa iliyomo chumbani. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hakuna feni itakayoishusha prosesa chini ya 32. Yule jamaa wa YouTube anayekwambia upandishe kila kitu hadi juu anarekodi kwenye chumba chenye AC, au nje kwake kuna theluji. Ushauri wake ni wa kweli, kwake.

Nilichofanya ni kuingia Control Panel, Power Options, nikafungua setingi za ndani mpaka panapoandikwa "Maximum processor state". Nikatoa 100 nikaweka 99. Basi. Kwenye mashine nyingi hiyo asilimia moja inazima turbo. Kwenye laptopu nyingine mpya sehemu hiyo imefichwa, hapo tafuta hali ya kimya kwenye programu ya kampuni iliyoitengeneza. Halafu ndani ya geimu nikafunga fremu zisizidi 50. Joto likatulia kwenye 78, fremu 50, saa mbili nzima.

Spidi ya mwisho mwisho ndiyo ghali. Kuifikia, prosesa inataka volti zaidi, na volti ikiongezeka, joto linapanda haraka kuliko spidi unayopata. Tena laptopu nyingi, prosesa na kadi ya picha zinapoozwa na mabomba yale yale ya shaba. Prosesa ikitulia, kadi inapumua, na kwenye geimu nyingi kadi ndiyo inayobeba mzigo.

Kuna geimu zinazokula prosesa, zile za kujenga miji au za vita vya watu wengi. Huko utaumia, sikatai. Na mwenye kucheza mashindano ya pesa ana hesabu zake. Lakini wengi wetu tunacheza baada ya Isha, tukingoja usingizi.

Mimi siongelei raha tu. Laptopu hii ndiyo inayohariri video za nyumba za wageni, na hizo ndizo zinazonilipia bando. Sina ya pili. Rafiki yangu wa mtaa wa pili alikuwa akiweka yake juu ya chupa za barafu ili ikimbie. Hewa yetu mnaijua, unyevu na chumvi. Chupa zikatoka jasho, maji yakaingia, madabodi ikafa. Fundi wa Lamu mjini akatikisa kichwa, ikapanda basi hadi Mombasa, ikarudi vilevile. Ndani mlikuwa na kazi yake ya chuo ya muhula mzima. Hakuwa na nakala.

Kwa hivyo barafu, hapana. Fungua laptopu mara moja kwa mwaka, au mpe fundi, utoe mchanga kwenye feni na ubadilishe ile pesti iliyo juu ya prosesa. Nilipofungua yangu nilitoa mchanga wa Shela wa kutosha kuwekea paka choo. Na usichezee kitandani, matundu ya chini yanazibwa na godoro.

Binamu yangu wa Nairobi bado ananicheka, anasema nimenunua farasi nimemfanya punda. Sawa. Aje mwezi wa tatu na farasi wake, tukae chumba cha juu, dirisha wazi, tucheze saa mbili. Chai na mahamri juu yangu.