MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kulala Msituni

Wako watu wasemao ya kwamba kulala msituni ni jambo la wageni wa Ulaya waupandao Mlima Kilimanjaro, na ya kwamba mwenye nyumba ya bati na kitanda hana sababu ya kwenda kulala chini ya mti. Neno hili twalisikia sana kwa akina mama, wala hatuwalaumu, maana wao ndio wafuao nguo zirudizo na matope. Lakini sisi twaona vingine. Babu zetu waliujua msitu kama watu wa pwani waijuavyo bahari. Watoto wetu waujua kwa kuutazama kwa mbali tu, kama paa la nyumba ya jirani.

Jambo hili lina sababu yake. Ule mshipi wa miti uuzungukao mlima juu ya vihamba ulikuwa na ukanda wa chini uitwao Nusu Maili, uliowekwa mwaka 1941 ili watu wapate humo kuni na majani ya ng'ombe. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mpaka wake ukashushwa, msitu ukaingia ndani yake. Siku hizi alalaye huko juu hulala penye vituo vilivyowekwa, kwa ada na kwa kiongozi, wala hawashi moto wa kuni. Sheria hii yawaudhi wengi. Hata hivyo, waliouona moto wa Oktoba 2020 ukila vichaka vya juu siku nyingi, na watu mamia wakipigana nao, hawahitaji kuelezwa kwa nini imewekwa. Msitu ukiungua, mifongo yetu itanywa wapi?

Basi sisi, walimu wanne pamoja na rafiki wawili, tulichagua Rau, karibu na mji wa Moshi, mwendo wa baiskeli tu. Msitu huu u katika tambarare, nao hunywa maji yapitayo chini ya ardhi kutoka mlimani. Ndiyo maana hukaa na ubichi hata mashamba ya kando yakiwa makavu. Mna mivule mirefu ajabu, na mti uitwao msoo, ambao ni adimu sana duniani, na mbega warukao juu kwa mikia yao myeupe. Tuliomba ruhusa kwa wautunzao, nao wakatuonyesha mahali pa kulala na mahali pa moto.

Kabla ya kutandika, mzee mmoja katika rafiki zetu, mfuga nyuki, alitusimamisha tutazame juu. Tawi kavu halina saa, alisema, huanguka hata pasipo upepo. Kisha akatuondoa ukingoni mwa mto, ijapokuwa mchanga wake ulikuwa laini na wa kuvutia, maana mvua yaweza kunyesha mlimani usiku, na mto ukajaa huku chini hamna hata tone.

Moto ndio uliotupa furaha kuu. Mzee alikuja na ulindi na uwimbombo kutoka kwake, vimekaushwa juu ya dari ya jikoni. Akaulaza uwimbombo, ule mti mwororo, akaukanyaga kwa mguu. Akausimamisha ulindi katika kitundu chake, akaupekecha kwa viganja, kutoka juu hata chini, bila kupumzika. Alipochoka, mwalimu kijana akampokea, kisha mwingine. Unga mweusi ukakusanyika penye pengo, ukatoa moshi mwembamba. Mzee akauangusha juu ya majani makavu ya mgomba yaliyochambuliwa kama pamba, akapuliza polepole kama apozaye uji wa mtoto, mpaka ndimi zikatokea. Tulipiga makofi sote. Kijana mmoja alikuwa na kibiriti mfukoni muda wote huo, wala hakukitaja. Twamsifu kwa adabu yake.

Tukapika mtori wa mshare katika sufuria moja juu ya mafiga matatu, tukazungumza hata usiku wa manane, habari za shule, na za mahari, na za bei ya kahawa. Tulinyunyiza majivu kuzunguka malalo kwa ajili ya siafu, tukatunga vyandarua, kwani mbu wa Rau hawana huruma.

Neno moja twataka lishikwe na kila nyumba. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata baridi ikizidi. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na alalaye nayo huenda asiamke. Wamekufa hivyo watu waliokuwa ndani ya nyumba za matofali, sembuse hema iliyofungwa. Vaa sweta, ulale na soksi kavu. Na moto wa nje uzimwe kwa maji, uchanganywe na udongo, umwagiwe tena, mpaka mkono uweze kukaa ndani ya majivu.

Tumeulizwa kama mabinti nao waweza kwenda. Kwa nini wasiende? Waende na walimu wao wa kike, katika hema zao, nao wapekeche moto kwa zamu. Wakati mwema ni kuanzia Juni hata Septemba, masika yakiisha kupita na njia zikiwa zimekauka. Chandarua kisisahauliwe, na panga liwe moja tu, mikononi mwa mtu mzima.