Lipia Fundi Kupima, Sio Kubahatisha

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizi Kombi za zamani tunazogeuza nyumba za safari. Gari inakosa nguvu ukipanda kutoka Mai Mahiu, inakohoa, fundi anasema leta kabureta. Unakimbia Grogan, unanunua. Bado inakohoa. Sasa ni koili. Kesho ni pampu ya mafuta. Pesa imeisha na ugonjwa haujajulikana.

Lakini mbona tunalaumu fundi peke yake? Akiitisha elfu mbili ya kupima, tunaruka: "Ati kuangalia tu ni pesa?" Basi naye anatafuta riziki yake kwa spea. Hiyo tabia tumeilea sisi.

Na kupima sio uchawi. Injini ya Kombi ya zamani iko nyuma na inapozwa na hewa. Ikiwa baridi, fundi anapima nafasi za vali. Nyingi zinataka milimita 0.15. Anatoa plagi zote nne asome rangi. Kisha anapima mgandamizo wa kila silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko zingine, kabureta mpya itasaidia nini? Pengine ni vali ya moshi haifungi vizuri. Ukiiacha itaungua, na ikikatika unatafuta injini nzima.

Kwa hivyo mwambie mapema, kabla ashike spana: kupima nitalipa, hata tusipobadilisha kitu. Halafu akisema leta spea, muulize ni kipimo gani kimesema hivyo.